Nyuzi Zilikuwa Zinauma

Karibu kila wiki mmoja wenu hubisha mlango wangu hapa Kitale, gita mgongoni, simu mkononi, na kabla hajaketi ameshanionyesha video ya mtu anayekimbiza vidole hadi huwezi kuvihesabu. "Niaje mzee. Nataka unifunze hii." Namwambia aketi, anywe chai. Halafu namwuliza: katika hiyo video, mwimbaji alikuwa amesimama wapi? Hakuna aliyewahi kunijibu. Wengine hucheka, wakidhani ni utani wa uzee.

Si utani. Nimepiga gita miaka thelathini na kitu, harusini na matangani, makanisani na sokoni, mpaka vidole vya mkono wa kushoto vilipoanza kukataa kukunjika asubuhi. Solo nazijua, na nyinyi mnajua kwamba nazijua, ndiyo maana mnakuja. Basi leo nitawaambia habari ya solo nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliipiga Naitiri, mchana kweupe, harusini. Nisikilizeni mpaka mwisho, maana si habari ninayopenda kuirudia.

Bendi yetu ilikuwa na watu watano. Mpiga besi na mpiga ngoma hawana kosa lolote hapa, kwa hiyo nitawaacha wapumzike. Mwimbaji alikuwa Nasimiyu, mama wa Kabuchai, sauti nzito, mcheshi, mtu ambaye hata akimenya viazi jikoni anamenya kwa mdundo. Solo nilikuwa napiga mimi, Wanjala. Gita la pili, lile la rithimu, alikuwa nalo Mzee Chemonges wa Cheptais, mkulima wa vitunguu aliyekuwa na vidole vinene kama mihogo.

Nilipojiunga nao nilimdharau. Alikuwa anashika mishiko ileile mitatu, minne, wimbo mzima, uso umetulia kama mtu anayengoja mvua iishe. Nikajiambia, huyu mzee wamemweka kwa huruma. Kisha tukaenda kupiga kwenye matanga huko Kabuchai. Katikati ya wimbo mjane akainuka, akaenda mpaka kwenye jeneza. Mimi nilikuwa kwenye solo, nikaendelea, nikidhani namsindikiza. Nikaanza kusikia gita langu liko peke yake. Chemonges alikuwa ameshusha sauti, besi ikamfuata, ngoma ikanyamaza, nami nikabaki nikipiga kelele kama mlevi aliyeingia kanisani. Nikaacha. Lakini mjane alikuwa ameshamaliza.

Baadaye, tukikunja waya, Chemonges aliniambia bila hasira, "Yule mama alikuwa na maneno matatu tu ya kumwambia bwanake. Wewe umeyafunika."

Ningekuwa mtu wa kujifunza mara moja, habari hii ingeishia hapo.

Kuna jambo lingine alilokuwa akilifanya ambalo lilinichosha. Kabla hatujapiga popote, alizunguka vyombo vyote na bisibisi yake ya tesa, ile yenye taa ndogo kwenye mpini inayowaka ikigusa chuma chenye stima. Aliigusisha kwenye amplifaya, stendi, nyuzi za magita, na maiki. Kisha, kana kwamba haamini tesa, aligusa tena kila chuma kwa mgongo wa mkono. Nilimwuliza kwa nini mgongo. Akasema, "Stima ikikushika kwa kiganja, kiganja kinafumba. Utabaki umeshika. Mgongo wa mkono unajitoa wenyewe." Hilo lishikeni. Majumba mengi tunayopigia yana stima iliyoungwa na mtu yeyote aliyekuwa na koleo siku hiyo. Nyuzi za gita ni chuma, maiki ni chuma, na wewe katikati ni maji matupu.

Sasa twende Naitiri.

Ilikuwa Jumamosi, majira ya mvua. Harusi ilifanyika kwenye boma la baba ya bibi harusi, nyumba mpya ya matofali, stima imeingia juzi juzi. Fundi wa hapo kijijini alikuwa ameunganisha ekstensheni mbili kwa tepu, akazipitisha dirishani, juu ya nyasi, mpaka kwenye tenti letu. Chini ya vyombo tulitandikiwa plaiwudi. Chemonges alikuwa bado njiani. Barabara ya kutoka Cheptais ilikuwa tope tupu. Nikaanza kupanga vyombo mwenyewe.

Nikawasha amplifaya, nikashika nyuzi za gita, na bega langu likagusa stendi ya chuma ya spika. Kitu kikanitambaa kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, kama siafu wanaokimbia chini ya ngozi. Nikajitoa. Nikagusa tena. Wakarudi.

Nilijua maana yake. Msifikiri sikujua. Hapo mtu unazima kila kitu, unamwita mwenye boma, unasema hakuna muziki mpaka waya zirekebishwe au ipatikane jenereta. Tungechelewa saa mbili, labda tatu. Na siku hiyo palikuwa na mtu mmoja kutoka Bungoma, mwenye studio ya kurekodi, aliyekuwa ameniambia atapita saa nane asikie mkono wangu kisha aendelee na safari zake. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Nilikuwa nimengoja mtu kama yeye tangu nina ishirini.

Nilimwita mwenye boma, lakini nusu nusu, kama mtu anayetaka kuambiwa hakuna shida.

"Mzee, hii stima iko sawa?"

"Iko sawa kabisa. Fundi ameunga vizuli, bana. Hata friji si inafanya?"

"Sawa."

Nikavaa raba zangu za soli nene. Nikapanda juu ya plaiwudi, nikakaa mbali na stendi, nikashika nyuzi. Siafu hawakuja. Nikajiambia shida imekwisha. Shida ilikuwa palepale. Mimi ndiye niliyekuwa nimejitoa.

Chemonges alifika saa saba na nusu, gambuti zake za mpira zimejaa tope mpaka magotini. Wageni walikuwa wamekwisha kula na walikuwa wanapiga makofi kutuita.

"Umepima?"

"Nimepima."

"Na tesa?"

"Na tesa, Mzee."

Akaniangalia. "Nyuzi haziumi?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Neno moja lingetosha. Lakini nilikuwa nimemwona yule mtu wa studio akivuta kiti mstari wa mbele.

"Haziumi."

Siku nyingine angepima tena mwenyewe. Siku hiyo alikuwa amechelewa, watu wanaita, na mimi nilikuwa nimekaa naye miaka mingi. Aliniamini. Akavaa gita lake akiwa na gambuti zake zilezile, na kwa sababu ya hizo gambuti hakusikia kitu.

Tulipiga nyimbo tano bila tatizo. Nasimiyu alikuwa juu ya plaiwudi pamoja nasi, amevaa viatu vya kisigino, maiki ya chuma yenye waya mrefu mkononi. Nilikuwa namtazama kila wimbo ulipoanza. Wimbo wa tano ulipoisha salama nikaacha kumtazama.

Manyunyu yakaanza wakati wa wimbo wa sita. Hakuna aliyejali, Naitiri mvua si mgeni. Bibi harusi akatoka na wenzake kucheza kwenye nyasi, na Nasimiyu, kama kawaida yake, akataka kwenda kumwimbia usoni. Visigino vikazama kwenye nyasi. Akavivua, akavitupa pembeni, akaenda peku. Akainua kidevu upande wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yetu: Wanjala, chukua.

Nikachukua. Nikafumba macho.

Sijui niwaelezeje. Kila kitu nilichokitaka kwenye lile gita kilikuja. Vidole havikuwa vyangu. Nilipanda, nikashuka, nikarudia kipande kimoja mara nne, kila mara nikikivunja mahali pengine, na kila nilipokivunja watu walipiga vigelegele. Nikasikia vigelegele vinazidi. Nikasikia mtu akipaza sauti, "Haya mama! Haya!" Nikajua nimewapata. Nikaongeza.

Halafu sauti ikakatika. Yote. Amplifaya kimya, spika kimya, ngoma peke yake ikapiga mara mbili, ikaacha.

Nilifumbua macho nikiwa nimejaa hasira, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Nani amezima?"

Chemonges alikuwa amesimama kwenye dirisha la nyumba, plagi ya ekstensheni mkononi. Gita lake lilikuwa limeanguka kwenye tope. Na Nasimiyu alikuwa chini.

Yaliyotokea nikiwa nimefumba macho niliyaona baadaye, kwa sababu mmoja wa wageni alikuwa na simu ya kamera, mojawapo ya zile za kwanza kwanza. Nimeiangalia mara moja tu. Nasimiyu anasimama kwenye nyasi, maiki kifuani, anaanza kutetemeka mabega. Nyinyi watu wa Bungoma mnajua kamabeka, ngoma yetu ya kutikisa mabega. Kila mtu pale alidhani anacheza kamabeka. Wakamshangilia. Akina mama wawili wakaja mbele yake wakatikisa mabega pamoja naye. Mdomo wake uko wazi, hautoi kitu. Na nyuma yake niko mimi, macho yamefumba, uso umeinuliwa juu, natabasamu.

Baadaye nilimwuliza Chemonges alijuaje, ilhali watu mia mbili waliokuwa wakimtazama hawakujua. Akasema, "Alikuwa anatikisika nje ya mdundo. Nasimiyu hajawahi kutoka nje ya mdundo."

Hakumgusa. Mngemgusa nyinyi, mngebaki naye hapo. Alitupa gita, akakimbia na gambuti zake kwenye nyasi zinazoteleza mpaka dirishani, akang'oa plagi.

Shangazi ya bibi harusi alikuwa muuguzi. Alipiga magoti kwenye maji na gauni lake la sherehe, akasikiliza kifua, akaanza kukandamiza. Mvua ilikuwa inapiga turubai ya tenti. Nilikuwa bado nimevaa gita. Nilitaka kulivua na mikono haikujua namna ya kulivua. Nilianza kuhesabu anavyokandamiza, nikapotea kwenye arobaini, nikaanza tena. Nasimiyu alikuwa rangi ya jivu. Maiki ilikuwa bado mkononi mwake. Ilibidi watu wawili wamfumbue vidole.

Kisha akakohoa. Kikohozi kidogo, kama cha mtoto.

Bibi harusi ndiye aliyesema, "Chukueni gari letu." Wakamlaza kwenye gari la harusi, lenye utepe na maua, wakaondoka naye kwenda hospitali. Chemonges na mimi tukafuata kwa pikipiki, mimi nyuma, yeye katikati, na njia nzima hakugeuza kichwa.

Pale hospitalini tuliketi kwenye benchi la ukumbini. Simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa yule mtu wa studio. Aliondoka katikati ya solo, kabla sauti haijakatika, akikimbilia safari yake. Hakujua lolote. Aliandika: Mkono mkali sana, njoo Jumatatu. Niliusoma, nikaurudisha mfukoni. Sijawahi kuujibu mpaka leo.

Chemonges akauliza akiwa ameutazama ukuta, "Nyuzi zilikuwa zinauma?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Kwamba mvua ndiyo ilileta. Kwamba tepu ililoa baadaye. Yote yangeweza kuaminika.

"Zilikuwa zinauma, Mzee."

Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

"Basi utamwambia mwenyewe," akasema. "Mimi sitakubebea."

Nilimwambia siku ya tatu, mumewe akiwa ametoka kwenda kuchukua uji. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Kiganja kilikuwa kimeungua. Nilimwambia kuhusu siafu, kuhusu raba, kuhusu mtu wa studio. Sikumficha kitu. Alinisikiliza akiitazama ile bandeji.

"Ulibadilisha viatu," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniacha na vyangu."

"Ndiyo, dada."

"Toka, Wanjala."

Nikatoka. Niliweka gita chini ya kitanda kwa miezi minne, nikalima mahindi, na mke wangu ananiambia nilikuwa mtu mbaya kuishi naye. Nilidhani muziki umekwisha, na niliona ni haki.

Siku moja Chemonges akaja nyumbani, akaketi, akanywa chai vikombe viwili kabla hajasema kilichomleta. "Nasimiyu anataka kuimba. Bungoma, kwenye ukumbi wa kanisa, harambee ya madawati. Anataka wewe."

"Kupiga solo?"

"Solo nitapiga mimi." Alisema hivyo bila kucheka, mtu ambaye hakuwahi kupiga solo maisha yake yote. "Wewe anataka ushike rithimu, usimame mahali anapokuona. Na upime."

Sikuelewa. Nikaenda kwake Kabuchai kumwuliza kwa nini mimi, kati ya watu wote. Alikuwa anapepeta maharagwe, kiganja kimepona, kimebaki na kovu linalong'aa.

"Mwingine atapima kwa sababu ameambiwa," akasema. "Wewe utapima kwa sababu unajua."

Hakusema amenisamehe. Nawaambia ili msije mkaipamba habari hii mkienda kuisimulia.

Siku ya Bungoma nilifika saa mbili asubuhi, shughuli ikiwa ni ya alasiri. Nilifuata kila waya kutoka soketini mpaka mwisho wake, nikipitisha mkono. Nilipima kwa tesa, nikapima kwa mgongo wa mkono, Chemonges akapima baada yangu, nami nikapima baada yake. Ekstensheni moja ilikuwa na kiungo nisichokipenda, nikaikataa. Mwenye vyombo akanuna. Nikamwacha anune.

Watu walijaa. Mchungaji akamaliza maombi. Nasimiyu akapanda jukwaani, akasimama hatua mbili kutoka kwenye stendi ya maiki, na hapo akaganda. Mikono ilikuwa nyuma. Niliuona ule wa kulia ukijificha ndani ya wa kushoto.

Nikavua viatu. Nikavua na soksi. Nikaenda peku kwenye saruji ya lile jukwaa, mbele ya ukumbi mzima, nikaishika maiki kwa kiganja, nikafumba vidole juu yake, nikakaa hivyo huku namtazama. Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo. Yeye hakucheka. Nikairudisha maiki, nikarudi mahali pangu, nikaanza kupiga.

Wimbo unaanza na mshiko wa C, mizunguko miwili, kisha mwimbaji anaingia kwenye F. Nilipiga mizunguko miwili. Hakuingia. Nikapiga mingine miwili. Mpiga besi alinitazama akiuliza, nami nikatikisa kichwa: tubaki hapa. Mizunguko minane. Kumi na miwili. Vidole vikaanza kuuma, maana hakuna kitu kinachochosha kama kushika mshiko mmoja bila kuuharakisha, bila kuupamba, bila kumwonyesha mtu kwamba umechoka kungoja.

Watu wakaanza kuguna. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Si mpige solo basi, bana!" Wengine wakamwunga mkono: solo, solo. Chemonges alikuwa na gita la solo kifuani, mikono imeshuka. Hakuligusa. Mchungaji alinitolea macho kutoka kiti chake, akainua saa yake kidogo.

Sikumwangalia. Nilikuwa namwangalia Nasimiyu, shingo yake, mabega yake, vidole vyake. Jasho lilikuwa linaniingia jichoni na sikupepesa. Akasogea hatua moja. Nikabaki kwenye C. Akautoa mkono nyuma ya mgongo, ukakaa hewani mbele ya maiki. Nikabaki. Akaugusa ule mpini kwa ncha za vidole, akautoa, akaugusa tena.

Akaushika.

Nikasikia akivuta pumzi, nami nikahamia F.